Kuiongoza sauti kwa nyenzo za topolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanafizikia waliozoea habari za elektroni na wanaotaka kujua sauti imeingiaje humo, na mafundi wa sauti waliosikia neno topolojia wakadhani ni hesabu tupu. Wote wana haki ya kupata jibu lililonyooka. Ukiwa na haraka, soma swali la njia moja na lile la kupotea kwa sauti, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea.

Nyenzo za akustiki za topolojia ni kitu gani hasa?

Ni vipande vidogo vinavyofanana, kama nondo, vijiti vya plastiki au vyumba vya hewa vilivyounganishwa kwa vibomba, vikipangwa kwa mpangilio unaojirudia mpaka sauti inayopita humo itii mpangilio mzima kuliko kipande kimoja kimoja. Plastiki ni ile ile na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango. Ukipangwa sawasawa, sauti ya masafa fulani (yaani idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) hushindwa kupita katikati ya nyenzo, lakini ukingoni hupita bila shida. Ikifika kwenye kona, au mahali ambapo kijiti kimekosekana, huzunguka na kuendelea na safari. Bomba la kawaida lenye kona kali lingeirudisha sehemu yake ilikotoka.

Sauti inazuiwaje na vijiti vyenye nafasi kubwa kati yake?

Kuna mfano wa kweli ninaoupenda sana. Mjini Madrid ipo sanamu ya msanii Eusebio Sempere, iliyoundwa kwa mabomba ya chuma cha pua yaliyosimama wima kama msitu mdogo. Kila bomba lina upana wa sentimita 2.9, na kati ya kitovu cha bomba moja na cha jirani yake kuna sentimita 10. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania waliweka spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili, wakapima. Sauti ya takriban Hz 1,670 ilipungua sana ikipita humo, ingawa mtu aliyesimama hapo anaona wazi mpaka ng'ambo.

Hesabu yake haina siri. Hewani sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20. Kwa Hz 1,670 urefu wa wimbi moja ni karibu sentimita 20, yaani mara mbili ya nafasi ya bomba na bomba. Kila safu hurudisha kiasi kidogo tu cha sauti, lakini virudi vyote hukutana vikiwa sambamba na kuongezeana nguvu, mpaka sauti ya kwenda mbele inaishiwa. Kipande hicho cha masafa ambacho nyenzo haikubali kukipitisha huitwa pengo. Nyenzo yenye mpangilio wa namna hii huitwa fuwele ya sauti.

Sanamu ile haina topolojia ya kuzungumziwa hapa. Ina pengo tu. Lakini bila pengo hatuna pa kuanzia.

Basi topolojia inaingia wapi?

Chukua kamba, izungushe mara mbili kwenye nguzo ndefu isiyo na mwisho juu wala chini, kisha unganisha ncha zake kwa fundo. Ivute, ilegeze, ipindishe utakavyo: mizunguko inabaki miwili. Haiwi miwili na robo. Ili ibadilike lazima ukate kamba. Topolojia ni elimu ya sifa za namna hiyo, zile zinazohesabika kwa namba nzima na zisizojali mikunjo midogo.

Kwenye fuwele ya sauti, kinachozunguka ni umbo la mtetemo. Ndani ya kila chumba kidogo cha mpangilio hewa hutikisika kwa umbo fulani: pengine upande wa kushoto unasukuma wakati wa kulia unavuta, pengine pande zote zinasukuma pamoja. Umbo hilo hubadilika kidogo kidogo kadiri unavyobadilisha mwelekeo na urefu wa wimbi. Ukipitia mawimbi yote yanayowezekana mpaka ukarudi ulipoanzia, unaweza kuuliza: umbo limejizungusha mara ngapi njiani? Jibu ni namba nzima. Ipo inayoitwa namba ya Chern, kwa heshima ya mwanahisabati Shiing-Shen Chern, na zipo nyingine zinazofaa mipangilio mingine.

Sasa weka fuwele mbili kando kwa kando. Zote zina pengo kwenye masafa yale yale, lakini moja ina namba 1 na nyingine ina 0. Mahali zinapokutana, namba lazima ihame kutoka 1 kwenda 0, na tumekwisha kuona haiwezi kuhama bila kamba kukatwa. Kwa wimbi, kukata kamba ni kufunga pengo. Kwa hiyo mpakani pengo hufungwa lenyewe, na sauti iliyokosa njia kulia na kushoto hupata njia hapo tu. Mpaka ukiwa umenyooka au umepinda, namba za pande mbili ni zile zile, na njia ipo. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili: ukingo unaongozwa na kitu kilichoamuliwa ndani, mbali na ukingo wenyewe.

Wazo hili lilizaliwa kwenye sauti?

Hapana. Lilizaliwa kwenye umeme. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, akifanya majaribio Grenoble nchini Ufaransa kwa sumaku yenye nguvu sana na baridi kali, aliona ukinzani wa umeme ukipanda kwa ngazi zilizo sawasawa mno, zote zikitokana na kugawanya omu 25,812.8 kwa namba nzima. Uchafu uliokuwamo kwenye vipande vyake haukuzitikisa ngazi hizo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. David Thouless na wenzake walieleza mwaka 1982 kwamba nyuma ya ngazi zile kuna namba ya kitopolojia, na mwaka 1988 Duncan Haldane akaonyesha kwamba ngazi hizo zinaweza kupatikana hata bila uga mkubwa wa sumaku, mradi mpangilio wa nyenzo uvunje ulinganifu wa wakati (nitaueleza kwenye swali linalofuata). Thouless, Haldane na Michael Kosterlitz walishirikiana Nobel ya mwaka 2016.

Mwaka 2008 Haldane na Srinivas Raghu walisema jambo hili si mali ya elektroni peke yake, linaweza kutokea hata kwenye mwanga. Baada ya hapo ilikuwa suala la muda kabla ya kufika kwenye sauti. Mwaka 2015 ulifurika: makala za nadharia kuhusu sauti hewani, wavu wa pendulamu 270 uliojengwa Zürich, na meza ya jairoskopu (magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi kama pia) mjini Chicago. Mitetemo ya pendulamu na jairoskopu hizo iliweza kuonekana kwa macho ikitambaa ukingoni.

Sauti haina chaji, na sumaku haiigusi. Waliuvunjaje huo "ulinganifu wa wakati"?

Ulinganifu wa wakati maana yake ni hivi: ukirekodi wimbi likienda kutoka A hadi B kisha ukacheza mkanda kinyumenyume, unachokiona nacho kinawezekana. Sauti katika hewa tulivu inautii ulinganifu huo. Ndiyo maana ukimsikia mtu kupitia tundu la ukuta, naye kwa tundu hilo hilo anaweza kukusikia.

Dawa yake ni upepo. Sauti inayokwenda na upepo huwahi, inayopingana nao huchelewa. Mwaka 2014 Romain Fleury, Andrea Alù na wenzao katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitumia jambo hilo kwa namna iliyo rahisi hata kusimulia. Walitengeneza pete yenye nafasi ya hewa ndani, wakaweka humo feni tatu ndogo za kupoza kompyuta ili hewa izunguke upande mmoja, kisha wakatoboa milango mitatu kuzunguka pete. Wimbi linaloingia hujigawa, nusu ikafuata upepo na nusu ikaupinga. Kwa kasi sahihi ya hewa, nusu hizo mbili huongezeana kwenye mlango mmoja na kufutana kabisa kwenye mwingine. Sauti ikiingia mlango wa kwanza hutokea wa pili, ikiingia wa pili hutokea wa tatu, hairudi. Tofauti ya mlango unaosikika na ule ulionyamaza ilifika desibeli 40, yaani nguvu ya sauti mara 10,000.

Ukipanga pete nyingi za namna hiyo kama sega la nyuki, unapata fuwele yenye namba ya Chern isiyo sifuri. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye karakana ni kazi kweli, kwa sababu hewa lazima izunguke kwa kasi ile ile kwenye kila pete, na feni zenyewe zina kelele na kuivuruga hewa. Ilichukua mpaka mwaka 2019 kwa watafiti wa China kuonyesha jambo hilo kwa majaribio.

Kwa hiyo nyenzo hizi zote hupitisha sauti njia moja tu?

La, na hili nalisisitiza kwa sababu limeandikwa vibaya mara nyingi mno. Nyenzo zinazopitisha sauti njia moja kweli kweli ni zile zenye kitu kinachosukumwa kutoka nje: hewa inayozunguka, jairoskopu zinazozungushwa, au sehemu zinazobadilishwa kwa mpigo maalumu wa wakati. Nyenzo tulivu, ile ya vijiti na matundu isiyo na feni wala mota, hupitisha sauti kwenda na kurudi kama kitu kingine chochote. Hakuna mpangilio wa plastiki tupu unaoweza kuikwepa kanuni hiyo.

Nyenzo tulivu hufanya jambo jingine. Huunda njia mbili kwenye ukingo mmoja, na kila njia ina alama yake, kwa mfano hewa kuzunguka kama mshale wa saa au kinyume chake. Sauti yenye alama ya kwanza huenda kulia, yenye alama ya pili huenda kushoto. Ukipeleka sauti yenye alama moja, haitarudi nyuma maadamu hakuna kitu njiani kinachoweza kuibadilisha alama. Mwaka 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Nanjing kilifanya hivi kwa nondo za chuma cha pua hewani, zikiwa zimepangwa kama sega, kwa kubadilisha unene wa nondo tu kutoka eneo moja hadi jingine.

Tatizo liko hapa. Elektroni zina spini ya asili, yaani alama ya mzunguko ambayo kila elektroni huzaliwa nayo, na ulinganifu wa wakati wenyewe huzilinda. Sauti haina spini. Alama yake tumeitengeneza sisi kwa umbo la mpangilio, na umbo hilo likivunjika, alama nayo hulegea. Kwa hiyo kona inayofuata mistari ya mpangilio haisumbui, lakini kijiti kilichopotoka kwa namna mbaya kinaweza kurudisha sauti kidogo. Ulinzi upo, nao una masharti. Anayekuuzia wazo hili bila kutaja masharti hajakutendea haki.

Nasikia pia habari za "mabonde". Ni nini?

Ni njia nyingine ya kutengeneza alama, na kwa anayetaka kujenga kitu kwa mikono ndiyo iliyo nyepesi zaidi. Panga vijiti vya pembetatu kwa safu za pembetatu. Vikiwa vimekaa sawa na safu, pengo hufungwa kwenye sehemu mbili za ramani ya mawimbi (ramani ya mwelekeo na urefu wa wimbi), na sehemu hizo mbili ndizo huitwa mabonde. Zungusha kila kijiti kidogo, tuseme nyuzi 10 kulia: pengo hufunguka. Zungusha nyuzi 10 kushoto: pengo lile lile hufunguka, ila maumbo ya mtetemo yamebadilishana nafasi. Hewa iliyokuwa ikijizungusha kulia sasa hujizungusha kushoto.

Ukilaza eneo la vijiti vilivyogeuzwa kulia karibu na eneo la vilivyogeuzwa kushoto, mstari wa mpaka unakuwa barabara ya sauti. Jiuyang Lu, Zhengyou Liu na wenzao wa Wuhan walilionyesha hili mwaka 2017 kwa njia iliyopindwa mfano wa herufi Z, na sauti ilipita kona zote mbili karibu bila kurudi nyuma. Uzuri wake ni kwamba barabara si lazima iwe ya kudumu. Vijiti vikiwekwa kwenye mhimili unaozunguka, unaweza kuifuta barabara na kuichora upya mahali pengine.

Je, sauti haipotei kabisa njiani?

Hupotea. Topolojia huilinda sauti isirudi nyuma na isitawanyike. Haiilindi isigeuke joto. Hewa ina mnato, na kwenye vibomba vyembamba msuguano wa kuta huila sauti haraka. Fuwele yenye njia ndefu iliyojaa matundu madogo inaweza kuwa na ulinzi kamili wa kitopolojia na bado sauti ikatoka upande wa pili ikiwa hafifu kuliko ingepita kwenye bomba nyofu la kawaida. Unapolinganisha, uliza daima: imelinganishwa na nini, na kwa umbali gani?

Naweza kuifunga ukutani ili kuzuia kelele?

Kwa kelele za kawaida, hapana. Kelele ina masafa mengi kwa pamoja, na pengo la fuwele ni jembamba. Ukubwa nao ni kikwazo: wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4, na fuwele ya kawaida huhitaji nafasi ya takriban nusu ya wimbi kati ya kipande na kipande. Sufi nene na ukuta mzito vitakufaa zaidi.

Ni hewa tu, au hata maji na vyuma?

Mahali popote penye wimbi. Majini ni vigumu zaidi, kwa sababu hewani chuma ni kama ukuta kamili kwa sauti, lakini majini sauti hupenya chuma kwa kiasi, na mpangilio uliofaa hewani lazima uhesabiwe upya. Kwenye mango, yaani vitu vigumu kama chuma, kuna faida kubwa: mitetemo huweza kusafiri juu ya kipande kidogo cha silikoni. Simu za mkononi tayari hutumia mitetemo ya juu ya fuwele kuchuja mawimbi ya redio, na ndiyo sababu wahandisi wanaufuatilia utafiti huu kwa makini. Kona isiyorudisha mtetemo ni kitu cha thamani kwenye kipande chenye nafasi finyu.

Mfano mkubwa kuliko yote haukujengwa na mtu. Mwaka 2017 Pierre Delplace, Brad Marston na Antoine Venaille walionyesha kwamba mawimbi ya Kelvin ya ikweta, yanayosafiri baharini na angani kuelekea mashariki tu, ni mawimbi ya ukingo ya kitopolojia. Mzunguko wa dunia huvunja ulinganifu wa wakati, kazi ile ile iliyofanywa na feni za Austin. Athari yake hubadili upande kaskazini na kusini mwa ikweta, kwa hiyo nusu mbili za dunia ni kama fuwele mbili zenye namba tofauti, na ikweta ndiyo mpaka. Katika Pasifiki mawimbi hayo huvuka bahari nzima kwa takriban miezi miwili, na yana mchango wake katika El Niño.

Sauti inaweza kunaswa kwenye kona peke yake?

Ndiyo. Kuna mipangilio ambayo hata ukingo una pengo, na sauti hubaki kwenye kona tu. Ilionyeshwa kwa sauti hewani mwaka 2019 kwa vyumba vya hewa vilivyopangwa kwa pembetatu zinazogusana. Inafaa kukusanya nguvu ya sauti mahali padogo.

Nikitaka kujaribu mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na mstari mmoja, achana na mabonde kwanza. Muundo wake ulitolewa mwaka 1979 na Su, Schrieffer na Heeger kueleza elektroni kwenye mnyororo wa poliasetileni (aina ya plastiki), na hauhitaji feni.

Tengeneza mabomba manane yaliyozibwa pande zote mbili, kila moja lenye urefu wa ndani wa sentimita 10. Kila bomba litavuma karibu na Hz 1,715, kwa sababu nusu ya wimbi inaenea humo. Yalaze ubavu kwa ubavu na uyaunganishe kwa vibomba vifupi karibu na ncha, mahali shinikizo la sauti ni kubwa. Ukiunganisha katikati hutapata kitu, maana hapo shinikizo ni sifuri. Viunganishi ni saba. Vipishanishe: chembamba, kipana, chembamba, kipana, mpaka cha saba kiwe chembamba. Bomba la kwanza na la mwisho yamepungukiwa kiunganishi kimoja kila moja, kwa hiyo masafa yake husogea. Yaongezee kibomba kifupi kilichozibwa chenye upana wa kile kipana ili mabomba yote yalingane.

Toboa tundu dogo kwenye ncha ya kila bomba kwa ajili ya maikrofoni nyembamba, na uzibe yote usiyoyatumia. Weka spika ndogo kwenye bomba la kwanza, pandisha masafa taratibu kutoka Hz 1,400 hadi 2,000, na andika usomaji wa kila bomba. Utaona vilele vimejikusanya makundi mawili, na katikati yake kilele kimoja cha peke yake. Simama kwenye kilele hicho upime bomba moja moja. La kwanza linavuma kwa nguvu. La pili karibu kimya. La tatu linavuma, lakini chini ya la kwanza, na la nne kimya tena. Kiasi cha kupungua kutoka la kwanza hadi la tatu kinalingana na uwiano wa nguvu ya kiunganishi chembamba kwa kile kipana.

Kisha pindua mpangilio, kipana kiwe cha kwanza na cha mwisho, ukihamisha na vile vibomba vilivyozibwa ili viwe vyembamba. Pima tena. Makundi mawili ya vilele yapo pale pale. Kile cha katikati hakipo.